Sifa za Kubandua

Kabati la chipubodi huanza kuzeeka pembeni. Milango bado inang'aa, bawaba bado zinashika, droo bado zinateleza, lakini utepe wa ukingo ulio jirani na sinki umeshaanza kuachia, na kila apitaye jikoni anaukwanyua kidogo kwa ukucha pasipo kujijua. Siku moja kipande kirefu kinaning'inia. Mwenye nyumba anakishika na kuvuta mpaka mwisho. Utepe unatoka na chembe za mbao, unatoka pia na mabaka ya karatasi nyeupe iliyokuwa uso wa mlango. Mlango ambao ungedumu miaka mingine kumi umeishia hapo, kwa mvuto mmoja.

Nataka kumsifu fundi ambaye angeutoa utepe uleule na kuuacha mlango mzima. Kazi yake haina jina kubwa. Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona vitanda, makochi na makabati yamepangwa kando ya barabara, na mteja anachagua kwa macho akiwa bado ndani ya daladala. Kazi ya kubandua haipangwi barabarani. Ikifanywa vizuri, ukingo mpya unaifunika siku hiyohiyo na hakuna atakayejua kwamba pale palipita mtu mwenye subira. Ikifanywa vibaya itatazamwa na kila mgeni kwa muda wote ambao kabati hilo litasimama. Sijui kazi nyingi za mikono ambazo zina sharti gumu namna hiyo.

Mninga, mvule na mkongo havikuwahi kuleta shida hii. Ubao wa mti mzima una moyo uleule kila upande. Ukiupiga randa pembeni unapata nyuzi, rangi na harufu ileile ya juu. Chipubodi ni kitu kingine kabisa. Ilizaliwa Ujerumani katika miaka ya 1930, pale mhandisi Max Himmelheber alipoumizwa kichwa na wingi wa mbao zilizogeuka taka kila mti ulipopasuliwa kiwandani. Alichukua zile taka, akazichanganya na gundi na kuzikandamiza kwa joto mpaka zikawa ubao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fikra hiyo ikaenea, kisha ukaja uso wa karatasi iliyoloweshwa melamini, mgumu, laini, unaofutika kwa kitambaa. Leo karatasi nzima ya bodi, milimita 2,440 kwa 1,220, unene milimita 18, inabebwa kwenye mkokoteni mjini bila mtu kugeuza shingo.

Uzuri wote wa bodi hiyo uko juu na chini. Pembeni ni mkate uliokatwa: chembe ndogondogo karibu na nyuso mbili, chembe kubwa katikati, na nafasi za hewa baina yake. Maji yakiingia hapo chembe zinavimba, na zikishavimba hazirudi tena kwenye unene wake wa awali hata uzianike wiki nzima. Kwa hiyo utepe wa ukingo si pambo. Ni kifuniko cha jeraha la msumeno, na anayeubandua anakuwa amelifungua jeraha hilo upya. Fundi anayelijua hilo hashiki kisu kabla hajajua atalifunga kwa nini na lini.

Swali lake la kwanza ni juu ya gundi. Hapa ndipo ninapowapenda mafundi wazuri zaidi, kwa sababu wanasoma kitu ambacho hakionekani. Anapitisha ukucha kwenye mstari wa maungio. Anainama, anatazama kwa jicho moja akielekea dirishani. Utepe mwembamba wa milimita 0.4 unaokatika ukiukunja ni karatasi ya melamini, na huenda ulibandikwa kwa pasi tu, kwa gundi iliyokuja mgongoni mwake. Utepe unaokunjika na kurudi ni PVC. Ule mnene wa milimita 2, wenye pembe zilizoviringwa vizuri, umetoka kwenye mashine. Mstari wa gundi unaoonekana, wenye rangi ya maziwa au hudhurungi, humwambia kwamba huenda ni gundi ya moto ya kawaida ya viwandani, ile iitwayo EVA. Mstari mwembamba usioonekana kabisa unamtia wasiwasi, na ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ukingo wenye harufu ya gundi ya kontakti na michirizi ya njano ni kazi ya mkono, pengine ya karakana ya jirani.

Gundi ya EVA hupakwa na mashine ikiwa na joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, lakini huanza kulegea tena kwenye nyuzi 80 hivi, kabla hata maji hayajachemka. Hiyo ndiyo rehema yake, na ndiyo sababu fanicha iliyoachwa nje ya duka kwenye jua la pwani huanza kuinua tepe zake yenyewe. Utepe wa PVC nao hulainika kwenye joto la karibu hilohilo. Uso wa melamini hauyeyuki, ila ukizidiwa unafura malengelenge na kugeuka rangi. Kwa hiyo fundi ana kipenyo kidogo cha kufanyia kazi: juu ya joto la gundi, chini ya joto la kuharibu. Hana kipimajoto. Ana kiganja, pua na masikio. Utepe ukianza kujikunja umezidi. Ukinuka ukali unaochoma puani umezidi sana, kwa kuwa PVC inayoungua hutoa hewa yenye asidi, na hapo anayependa mapafu yake anazima mashine na kufungua dirisha.

Pasi ya nguo inatosha kwa kazi nyingi. Nimewasikia watu wakidharau pasi na kutaka mashine ya kupuliza hewa ya moto kana kwamba chombo ndicho fundi. Pasi ina jambo moja ambalo mashine hiyo haina: inagusa ukingo tu, na haimwagi joto usoni. Unaiweka kwenye joto la kati, bila mvuke hata chembe, kwa sababu mvuke ni maji na maji ni adui wa chipubodi. Unalaza kitambaa cha pamba katikati ya chuma na utepe. Unapitisha urefu wa kiganja na nusu, ukienda na kurudi, husimami mahali pamoja. Anayetumia hewa ya moto anaishika mbali kidogo, na anaweka rula ya chuma au karatasi ya fedha ya jikoni juu ya uso wa mlango ili joto lirudi lilikotoka.

Kabla ya joto, hata hivyo, kuna tendo dogo ambalo nikiona limefanywa natulia, nikiona limerukwa naondoka. Fundi anachukua kisu chenye wembe mpya na kukipitisha polepole kwenye mstari ambapo utepe unakutana na uso. Wembe umelala upande wa utepe, haulali upande wa uso. Hakati kwa kina, anatenganisha tu. Miaka imepitisha hapo vanishi, mafuta ya kupikia, pengine rangi iliyopakwa na mpangaji aliyetangulia, na vyote hivyo vimeushona utepe na uso vikawa kitu kimoja. Asipokata mshono huo, utepe utakapoondoka utauchukua uso pamoja nao. Nyingi ya zile kingo zilizomeguka ninazoziona kwenye fanicha za mitumba zimemeguka kwa sababu mtu alifuata joto na kusahau wembe.

Kisha anavuta, na kuvuta ndiko kwenye sanaa yenyewe. Anaanzia mwisho ambako utepe umeshaanza kuachia, anaingiza kisu kipana cha puti chini yake, kisu kimelala karibu sambamba na ukingo. Utepe ukishapata mkia wa kushika, anaukunja nyuma juu ya wenyewe na kuuvuta ukifuata urefu wa ubao. Hauvuti kwenda mbele yake. Ukiuvuta moja kwa moja kutoka kwenye ubao, nguvu yote inaelekea nje, na kilicho dhaifu kuliko gundi ni zile chembe kubwa za katikati; zitang'oka na kuacha mashimo. Ukiukunja na kuulaza, nguvu inakaa kwenye mstari mwembamba wa gundi iliyolegea, na ubao unabaki na chembe zake.

Mwendo pia una maana yake. Gundi ya moto ina tabia ya kashata iliyo jikoni: ikiwa moto inafuata mwiko, ikipoa inavunjika. Hata ikiwa na joto lilelile, ukiivuta kwa kasi inajikaza na kung'ang'ania, ukiivuta taratibu inanyumbuka na kuachia. Ndiyo sababu fundi aliyezoea anatembea na pasi mkono mmoja na utepe mkono wa pili, mikono miwili kwa mwendo mmoja, pasi ikitangulia kidogo. Ukimtazama unaweza kudhani hafanyi lolote. Utepe unatoka mrefu, mzima, na nyuma yake kuna nyuzi nyembamba za gundi zinazokatika kimya. Akisikia mlio wa kukwaruza anasimama papo hapo. Mlio huo ni chembe zinazoondoka, na kila chembe inayoondoka atalazimika kuilipa baadaye kwa puti.

Penye utepe wa mbao halisi, ule wa veneer iliyokatwa nyembamba, kazi inabadilika. Hapo kuna nyuzi, na nyuzi zina upande zinaotaka kwenda. Fundi anatazama zimelalia wapi na kuvuta akizifuata. Akizipinga zitapasuka na mpasuko utaingia hadi kwenye veneer ya juu. Na meza iliyofunikwa karatasi nyembamba ya plastiki, siyo melamini, inataka joto dogo zaidi kuliko yote, kwa sababu uso wenyewe umebandikwa kwa gundi inayolegea kwa joto. Unaweza kubandua ukingo na kukuta umebandua meza.

Tatizo la gundi si geni. André-Charles Boulle, fundi wa samani wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyeishi kati ya mwaka 1642 na 1732, alipamba makabati kwa vipande vya shaba na gamba la kasa. Shaba haivimbi na kunywea pamoja na mbao. Mbao zikinywea, shaba inabaki urefu wake na kuinuka, na makumbusho ya Ulaya yana watu ambao kazi yao ni kuvilaza tena vipande vyake bila kukwaruza jirani. Wanaweza, kwa kuwa Boulle na wenzake walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ukiipa joto la nyuzi 60 hivi na unyevu kidogo, inakubali kuachia hata baada ya miaka 300. Aliyebandika alimwachia mlango atakayebandua.

Gundi za sasa zinaufunga mlango huo. Ile iitwayo PUR hupakwa ikiwa ya moto, halafu inakula unyevu wa hewa kwa siku kadhaa na kugeuka kitu ambacho hakiyeyuki tena. Kwenye jiko la Tanga au Mombasa, penye joto, chumvi na mvuke wa sufuria, ni gundi bora na sitamlaumu anayeinunua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 ziko pia mashine zinazoyeyusha mgongo wa utepe kwa leza, ukashikana na ubao bila mstari wowote wa gundi. Ni kazi safi mno. Lakini najiuliza kama tumefikiri vya kutosha kuhusu siku ambayo utepe huo utapasuka kwa kugongwa na kiti. Kitu ambacho hakibanduliki hakitengenezeki kwa urahisi, na kitu kisichotengenezeka kinakwenda jalalani mapema, hata kama kilitengenezwa vizuri kuliko vyote.

Kwa gundi kama hizo joto halisaidii, na fundi mzuri anajua mapema kuiweka pasi chini. Anapunguza utepe kwa randa ndogo yenye ulimi ulionolewa sawasawa, au kwa ruta yenye kisu kinachofuata uso, akishusha unene kidogo kidogo mpaka abakize ngozi nyembamba. Ngozi hiyo anaimalizia kwa kikwanguo cha chuma au msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Msasa ulioshikwa kwa vidole unakula pembe na kuiviringa, na utepe mpya ukija juu ya pembe iliyoviringwa utaacha ufa mweusi ambao uchafu utaujaza. Patasi nayo inafaa, ikisukumwa kuelekea ndani ya ubao, hasa kwenye ncha, ambako ubao hauna wa kuushikilia.

Hubaki mabaki ya gundi. Yaliyo ya moto yanakwanguliwa yakiwa vuguvugu. Yakishapoa yanaweza kugandishwa kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko usiovuja, yakawa makavu na kuruka yenyewe. Gundi ya kontakti hulainika kwa spiriti nyeupe kwenye kitambaa, kitambaa kikiwa na unyevu tu, hakichuruziki. Thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha melamini inazivumilia, lakini rangi na vanishi hazizivumilii. Anayejali anajaribu kwanza nyuma ya kabati au chini ya meza, mahali ambapo hapaangaliwi na mtu. Maji ya sabuni, ambayo kila mtu nyumbani huyakimbilia, ndiyo ya kuepuka kuliko yote hapo ukingo ungali wazi.

Na zile tepe zilizotoka? Kwenye karakana nyingi zinafagiliwa pamoja na maranda na kutiwa moto jioni. Naomba, kwa moyo wangu wote, hili liachwe. PVC ikichomwa hutoa hewa ya asidi na sumu za dioksini, na wanaoivuta ni vijana wanaojifunza kazi na mama muuza chakula aliye hatua chache kutoka pale. Maranda ya mbao tupu yana matumizi yake. Plastiki itengwe, iende na taka nyingine.

Ukingo ukiwa safi, mashimo yanajazwa puti au unga wa msumeno uliokandwa na gundi ya mbao, yanaachwa yakauke kweli, kisha yanasawazishwa. Gundi nyeupe iliyozimuliwa na kupakwa kwa tabaka jembamba huziba vinyweleo, ili utepe mpya usinyonywe gundi yake. Ni maji machache yanayokauka upesi ndani ya gundi, siyo ndoo. Utepe wa milimita 22 unawekwa juu ya ubao wa 18 ukibakiza ziada ya milimita mbili kila upande, na ziada hiyo inakatwa kwa kuelekea ubaoni, kisu kikiukandamiza utepe badala ya kuuinua. Kipindi hiki kinakwenda haraka. Kila kitu kigumu kilishafanyika.

Ndiyo maana bei inanikera. Mteja anakubali kulipia utepe mpya kwa mita, maana anauona, halafu anataka kuondolewa kwa ule wa zamani kuingie bure, kama kufagia. Mafundi nao wamezoea kukubali. Matokeo yake kazi inayotaka muda mrefu zaidi inapewa kijana aliyeanza juzi, aivute chapuchapu ili mwenye karakana aanze kubandika. Kisha tunashangaa milango inarudi na mabaka, na kusema chipubodi ni takataka, tununue nyingine. Bei ya kubandua inapaswa kusimama peke yake kwenye karatasi ya makadirio, na mimi ningeiweka juu kuliko ya kubandika. Na ukiwa na kabati kwa fundi, mpigie umwambie utapita kabla utepe mpya haujawekwa. Pitisha kidole kwenye ukingo mtupu, tazama kama pembe ziko kali na nyeupe bila mabaka, na ikiwa ziko hivyo, mlipe hapohapo sehemu ya kwanza ya fedha yake.